Kovu la Kidole Gumba

Gunia liko pale pale mezani tulipoliacha, msomaji. Na mwenye kiwanda cha mbao yuko pale pale mlangoni, nyusi zimejaa unga wa mbao, akirudia maneno yale yale.

"Lifungue. Uone kilichomtoboa mdogo wako jicho."

Mama Pacha alilifungua.

Ndani mlikuwa na Pua. Mpini wa manjano, kichwa cha duara kama kata ya maji, nembo ya karakana yake ubavuni. Karibu na nembo palikuwa na tone la damu lililokauka. Alilikwangua kwa ukucha, kama mtu anayetoa tone la rangi kwenye kiti.

Kama umeanza kutusoma leo, usijali, mambo ni mafupi. Pua ni kifaa cha kunusia chuma ndani ya gogo. Mpasuaji anakipitisha juu ya gogo kabla ya kulipeleka kwenye msumeno. Kikilia, humo mna msumari au waya, gogo linawekwa kando. Kikinyamaza, pasua. Jina la Pua walilitoa wateja wenyewe, na karakana ya Mama Pacha huzitengeneza kuanzia waya hadi mpini.

Jana asubuhi Pua ilinyamaza, na msumari ulikuwemo. Jino la msumeno lilikatika, likaruka, likamwingia jichoni mpasuaji. Mpasuaji mwenyewe ni mdogo wake Mama Pacha, tumbo moja.

"Husemi kitu?" mwenye mbao aliuliza.

"Naangalia."

Hakulia. Tangu siku aliyomzika mumewe, kitu ndani yake kilikufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na hakuna aliyekuja kuukanda. Alipika, alilea pacha wake, alisuka waya, alilala. Watu walimwita mwanamke jasiri. Yeye alijua kuwa si ujasiri.

"Leo saa kumi wenye viwanda vya mbao wote tunakutana," alisema mwenye mbao. "Nitasimama na hii mkononi. Kesho Pua zako zitarudi hapa kama watoto waliofukuzwa shule."

"Pua yenu ina mafua, mama," alidakia mpasuaji mmoja aliyekuja naye, akacheka peke yake.

Mama Pacha aliipima Pua mkononi. "Hii si yangu. Ni nyepesi."

"Mkono wako ndio mzani?"

"Mkono huu umebeba watoto wawili kwa mpigo. Ndiyo, ni mzani."

"Na nembo hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Nembo anaigonga yeyote mwenye nyundo. Nipe bisibisi."

Aliyesogea kwa haraka alikuwa Shemeji. Huyu ni mdogo wa marehemu mumewe, ndiye anayeuza, ndiye mwenye tai na gari. "Shemeji, tusiifungue. Tukiifungua watasema tumeharibu ushahidi."

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyao, na Shemeji alikuwa anatoka jasho.

"Sikiliza, bosi," Mama Pacha alimwambia mwenye mbao. "Ndani ya kila Pua yangu kuna kidole changu."

"Yaani mnatia vidole puani?" mpasuaji yule alidakia tena.

Sasa walicheka wote. Mama Pacha aliwasubiri wamalize, kama unavyosubiri watoto mezani.

"Koili ya waya ikishasukwa tunaimwagia gundi nzito, ile inayoganda ikawa jiwe. Inapoanza kuganda nabonyeza kidole gumba. Alama ikisimama, gundi imechanganywa sawa. Alama ikijaa, tunatupa, tunaanza upya. Halafu tunafunga kifuniko na hakuna mteja anayeiona. Mume wangu ndiye aliyeanza, nami nikaendeleza. Anayeiga Pua zetu anaiga anachokiona kwa nje. Hawezi kujua kuwa ndani kuna kidole."

"Na nikifungua nikakuta hakuna?"

"Umeuziwa feki, nami nitakuja mwenyewe saa kumi kuwaambia wenzako."

"Nikikikuta?"

"Uje na kufuli lako, ufunge karakana hii kwa mkono wako."

Shemeji alifumba macho.

Skrubu zilitoka moja baada ya nyingine. Kifuniko kiliinuliwa. Wote waliinama, unga wa mbao ukadondoka kutoka kwenye nyusi za mwenye mbao ukaingia ndani.

Kidole kilikuwepo.

Kilikuwa kimelala katikati ya gundi, safi, mistari yake yote inahesabika.

"Haya," alisema mwenye mbao. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alirudisha Pua guniani, akalitupia gunia begani. "Mama, mimi nilikuwa nakuheshimu. Wapasuaji wangu walikuwa wanaapa kwa jina la Pua yako. Saa kumi. Kufuli ninalo."

Waliondoka. Mama Pacha hakuwaita warudi.

Angewaita awaambie nini? Kwamba kidole kile si chake? Kidole gumba chake hakina doa. Kile cha ndani ya gundi kilikuwa na kovu, limekikata katikati kama barabara inavyokata shamba. Kovu lile alilijua. Alilifunga mwenyewe kwa kitambaa, siku patasi ilipoteleza.

Lilikuwa la mumewe.

Na mumewe, msomaji, yuko kaburini mwaka wa nne sasa.

* * *

"Ni kalibu," Shemeji alisema upesi baada ya kusikia habari ya kovu. Alikuwa ameshalegeza tai. "Wamepata Pua ya zamani, mojawapo ya zile alizotengeneza kaka. Wameifungua, wameifanyia kalibu, wakamwaga gundi yao humo. Kila kitu kimetoka kilivyo, hata kidole. Ni rahisi tu, Shemeji. Usijitie mawazo."

Maelezo mazuri. Yalikaa kichwani pake sawasawa kama kifuniko chenye saizi yake.

"Zote zitakuwa na kidole hicho hicho," Shemeji aliongeza.

Mama Pacha aliweka bisibisi chini.

"Zote zipi? Mimi nimeiona moja."

Shemeji alianza kukaza tai tena.

"Shemeji. Zote zipi?"

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilifika hadi stoo tu, nyuma ya mapipa ya gundi, chini ya turubai. Palikuwa na boksi. Ndani ya boksi palikuwa na Pua, zimepangwa kama samaki, mipini ya manjano inang'aa, nembo zimenyooka kuliko za Pua halisi.

"Umezipata wapi?"

"Nilipigiwa simu. Sijui na nani. Bei nusu ya yetu, mzigo unaachwa stendi, mimi naokota. Shemeji, nielewe! Gundi yako inataka siku nne kukauka. Mtu ana magogo yanamsubiri, hataki kusikia habari ya gundi. Wanaondoka wanaenda kununua takataka barabarani. Nikasema, hizi nembo yetu tayari ziko nayo, ngoja nichanganye chache na zetu, tupumue kidogo."

"Ulizipitisha kwenye ubao?"

Ubao wenyewe umeegemea ukutani mpaka leo. Ni ubao mnene ambao marehemu alificha misumari ndani yake, mmoja juu juu, mwingine chini zaidi, na wa mwisho umezama kiasi cha kiganja. Pua hairuhusiwi kutoka kwenye mlango ule bila kuinusa yote. Ndiyo sheria ya nyumba, hata watoto wanaijua.

"Nilizipitisha," Shemeji alisema.

"Zikalia?"

"Zililia."

"Msumari wa mwisho?"

Shemeji alitazama viatu vyake.

"Nimekuuliza msumari wa mwisho."

"Hazikulia."

"Ukaziuza."

"Nilijiambia, nani atakutana na msumari ulioingia kina kile? Gogo gani hilo?"

"La mdogo wangu," alisema Mama Pacha.

Mwingine angempiga kofi. Yeye alitaka. Aliutazama mkono wake, ukaning'inia tu ubavuni kama koti la mtu mwingine. Hakuona hasira, hakuona uchungu. Aliona kazi iliyobaki.

"Lete boksi mezani."

Walizifungua. Ya kwanza ilikuwa na kidole, na kovu, kimesimama wima. Shemeji alishusha pumzi. "Si nilikwambia? Kalibu."

Ya pili ilikuwa na kidole, na kovu. Lakini kidole kilikuwa kimelala upande, kimezama kwelikweli.

Kwenye ya tatu kidole kilikuwa kimeponyoka ukingoni, nusu tu.

Mama Pacha alizipanga tatu zile mstari mmoja chini ya taa. Kalibu hurudia neno moja siku zote, kama kasuku. Haiwezi kubonyeza wima leo na kulala upande kesho. Haiwezi kuteleza ikikurupushwa.

Hizi zilibonyezwa na mkono wa mtu. Mtu mwenye kidole chenye joto ndani yake.

Alichukua wembe, akakwangua waya wa koili. Rangi ya shaba ilitoka kama rangi ya kucha. Chini yake waya ulikuwa mweupe. Bati tupu, msomaji, limepakwa rangi likaitwa shaba. Mtu aliyemfundisha yeye kuuma waya kwa meno kabla ya kuununua, ndiye aliyefunga kifuniko juu ya takataka ile. Na bado alibonyeza kidole. Mkono ulishindwa kuacha.

Shemeji alikaa juu ya pipa. "Kaka?"

"Wewe ulimwona? Siku ile?"

"Basi liliungua lote, Shemeji. Hakuna aliyeruhusiwa kuona. Tulipewa saa yake ya mkononi, na sanduku limeshapigwa misumari."

"Alikuwa amekwenda kununua waya."

"Alikuwa amekwenda kununua waya," Shemeji alirudia, kisha akaanza kulia, mwanamume mzima na tai yake. "Basi pale kaburini tunapopalilia kila mwaka, tumemlaza nani?"

Mama Pacha alichukua leso mfukoni mwa Shemeji. Hakumfuta machozi. Alifutia gundi mezani.

"Piga namba ya huyo aliyekupigia."

Shemeji alipiga. Simu ilikuwa imezimwa.

* * *

Hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Nusu ya kichwa cha mpasuaji ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe, na nusu nyingine ilikuwa inatabasamu.

"Harufu ya gundi imekutangulia, dada. Nimejua ni wewe ukiwa bado ngazini."

"Jicho?"

"Lipo. Daktari anasema kesho ndiyo atajua kama lipo kazini au lipo lipo tu, kama yule mjomba wetu."

Mama Pacha alivuta kiti. Aliweka machungwa kwenye kabati, akayapanga, akayapanga tena.

"Nilipima, dada," mdogo wake alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Mara mbili. Wenzangu hunicheka, eti napima gogo kana kwamba nalipiga pasi. Ikanyamaza. Miwani ya kazi ilikuwa imejaa unga, nikaivua. Kwa Pua ya mwingine nisingeivua. Nikasema, hii ni ya dada, imenyamaza, basi."

Maneno hayo yalimpita Mama Pacha kama maji juu ya mawe. Aliyasikia yote. Alijua kuwa siku moja yatarudi, moja moja, wakati anaosha vyombo.

"Wenzangu wanasema ni feki," aliendelea mdogo wake. "Bosi anasema ni ya kwenu, ameona kidole. Sijui kidole gani. Niambie wewe. Nitashika lako."

Jibu rahisi lilikuwa pale pale mdomoni. Feki. Neno moja tu, nalo ni kweli. Mdogo wake angelala usingizi mzuri, na dada yake angebaki dada.

"Imetengenezwa na mtu mwingine," alisema Mama Pacha. "Waya wake ni bati. Lakini imetokea mlangoni kwetu. Shemeji aliichanganya na zetu, akaiuza kwenye kiwanda chenu."

"Alijua?"

"Alijua haikumaliza ubao."

Jicho zima la mpasuaji lilimtazama kwa muda. "Basi ni ya kwenu."

"Ni ya kwetu."

"Hm." Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia. "Afadhali hukunizungusha. Ziko nyingine?"

"Ziko."

"Ndani ya boksi, au nje, kwa watu?"

"Shemeji aliuza chache, tunazijua zilipo, anazifuata sasa hivi. Lakini aliyezitengeneza hamuuzii Shemeji peke yake. Zingine sijui ziko wapi."

"Kuna watu wanazipitisha juu ya magogo saa hii?"

"Huenda."

"Sasa umekaa hapo unanipangia machungwa ya nini, dada? Inuka!"

Aliinuka. Mlangoni alisikia anaitwa.

"Ukifika huko, usimpige Shemeji. Niachie. Nitampiga mwenyewe, kwa jicho moja, ili aone uchungu hata ngumi ikimkosa."

* * *

Mtu anaweza kumficha mkewe. Anaweza kumficha ndugu yake na watoto wake. Lakini mama yake mzazi hamfichi, hasa kama alikuwa kitinda mimba wa moyo, hata kama hakuwa kitinda mimba wa tumbo.

Mama Pacha hakubisha hodi mara mbili.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anafuma kofia ya mtoto wa jirani. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anafuma kwa kupapasa, na hakosi hata tundu moja. Feni mpya ilikuwa kwenye kona. Mwaka mzima Mama Pacha alidhani feni ile ilinunuliwa na Shemeji. Na Shemeji, kumbe, alidhani ilinunuliwa na Mama Pacha.

"Nani? Mama Pacha? Mbona saa za kazi?"

"Nimepita tu, mama."

"Mdogo wako vipi? Nimesikia, sikulala. Nimemwombea jicho lake mpaka nikasahau yangu."

"Anaendelea."

"Kaa basi. Pacha hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Hebu shika hii kwanza, uniambie ni nini."

Alimwekea mapajani kichwa cha Pua kilichofunguliwa, kile ambacho kidole chake kilikuwa kimelala upande.

Bibi aliweka sindano kando. Vidole vyake vilizunguka ukingo, vikapita juu ya waya, vikaingia kwenye gundi. Vikakuta shimo dogo. Vikalizunguka, vikalipita kovu, vikarudi kwenye kovu.

Na uso wake ukalainika. Kabla hajajizuia, akacheka kidogo, kama mama anavyocheka akiokota soksi ya mwanawe sakafuni.

"Huyu naye! Bado anabonyeza kwa nguvu mno. Mara ngapi nimemwambia..."

Vidole vilibaki hewani.

"Umemwambia lini, mama?" Mama Pacha aliuliza.

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Barabarani mtu alikuwa anagombana na mtu juu ya kuegesha gari.

"Mama. Umemwambia lini?"

"Funga mlango," mama mkwe alisema.

"Mlango umefungwa."

"Mwanangu, nilikuwa nakwambia kila siku, moyoni. Kila siku nasema leo nitamwambia. Unakuja na watoto, nawashika vichwa, nasema leo. Halafu unaondoka." Mikono ilikuwa inatafuta kofia, haiioni. "Hakuwa kwenye lile basi. Alishuka njiani. Alikuwa na shida zake, mambo ya wanaume, watu walikuwa wanamtafuta. Akasikia basi limeungua, akasema basi, acha wadhani hivyo. Alikuwa arudi. Mwezi mmoja tu."

"Tulimzika."

"Najua."

"Uliimba pale kaburini, mama. Mimi nilikuwa nimekushika mkono."

"Najua, mwanangu. Wakati ule nilikuwa sijui bado. Nilikuja kujua baadaye. Ungefanya nini wewe? Mtoto amerudi kutoka kaburini, umtoe mbio?"

Mama Pacha alifikiri swali lile kwa haki, kwa sababu naye ni mama. Jibu alilolipata hakulipenda, akaliweka kando.

"Sikuja kwa hilo," alisema. "La kuzikwa tutalimaliza siku nyingine. Nimekuja kuuliza amezipeleka wapi hizi. Kila moja aliyoitengeneza imekaa mkononi mwa mtu anayesukuma gogo. Nataka majina ya viwanda. Saa kumi nasimama mbele ya wenye mbao wote, nawaambia wazikusanye."

"Usisimame."

"Nasimama."

"Ukisimama wataanza kumtafuta aliyetengeneza!" Bibi alimshika sketi. "Watamfunga, Mama Pacha. Baba wa watoto wako. Karakana yenu nayo watu wataikimbia, utakula nini? Sema tu ni feki, imetoka nje huko, hujui. Nani atakuuliza zaidi? Kila mtu siku hizi anauziwa feki!"

Ilikuwa kweli. Kila mtu anauziwa feki, na hakuna anayeuliza zaidi. Angesimama pale saa kumi aonyeshe waya uliopakwa rangi, aseme neno moja, na mwenye mbao angerudisha kufuli mfukoni. Karakana ingebaki. Mumewe angebaki amekufa. Na mahali fulani mpasuaji mwingine angevua miwani yake kwa kuwa Pua imenyamaza.

Alitoa vidole vya mama mkwe kwenye sketi, kimoja kimoja, taratibu, kama anavyotoa vidole vya mtoto aliyelala.

Hapo ndipo alipoona meza ndogo ya pembeni. Vikombe viwili. Kimoja kitupu, kimekauka. Kingine kimejaa chai, na chai ile ilikuwa bado inatoa moshi.

Bibi hanywi chai ya moto. Meno yake hayataki.

Mama Pacha alihisi kitu mkononi. Alidhani amejikata na wembe, akautazama mkono, hapakuwa na damu. Ni kidole gumba tu, kilikuwa kinapiga, du, du, kama kidole kilichokuwa kimefungwa uzi na uzi umekatwa. Kiliuma. Alikuwa amesahau jinsi kinavyouma.

Alichukua kichwa cha Pua, akakitia kwenye mkoba. Alitazama saa ya ukutani. Halafu akasema, si kwa mama mkwe, kwa pazia la chumba cha ndani, kwa sauti ile ile ambayo huwaitia pacha wake kuoga:

"Vaa viatu. Mkutano ni saa kumi."

"Mwanangu, nakusihi," bibi alisema.

Feni ya kwenye kona ilikuwa imezimwa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Pazia lilitikisika hata hivyo.

Kwanza kilitokea kidole gumba, kimeshika ukingo wa kitambaa. Kovu lilikuwa pale pale alipolifunga.

"Mama Pacha." Sauti ilikuwa imekonda. "Ngoja. Hujui ni nani anayenitengenezesha hizo. Ukimkuta huko mkutanoni, amekaa kiti cha mbele, utafanya nini?"

Mama Pacha alifungua mlango wa nje. Mwanga ukaingia mpaka miguuni pa pazia.

"Utaniambia njiani," alisema.